Safari ya Mombasa na mfuko tumboni

UKITAKA kuijua barabara ya Mombasa vizuri, msomaji mpenzi, usimwulize dereva wa lori wala utingo wake. Mwulize mtu anayetembea na mfuko wa choo tumboni. Yeye atakueleza vyoo vyote viliko kutoka Mlolongo hadi Mazeras, kipi kina maji, kipi kina komeo, na kipi kina mlinzi anayekudai shilingi ishirini kabla hujafika mlangoni. Mimi nimeipita njia hiyo mara nyingi kwa shughuli za kikazi, lakini hayo sikuyajua hata kidogo hadi siku nilipofuatana na mjomba wangu kwenda harusini.

Mjomba ni mwalimu mstaafu, mkaazi wa Machakos, mtu wa kuvaa koti na tai hata siku ya soko. Wiki saba kabla ya safari hiyo alikuwa amepasuliwa katika hospitali moja jijini Nairobi, akaondolewa uvimbe wa saratani uliokuwa sehemu ya chini kabisa ya utumbo mpana. Ili mahali palipounganishwa papate nafasi ya kupona, madaktari waliuvuta utumbo mwembamba wakautoa nje kidogo upande wa kulia wa tumbo. Tangu siku hiyo choo chake kikawa kinatokea hapo na kuingia katika mfuko ulionatishwa juu ya ngozi.

Mdomo huo wa utumbo madaktari huuita stoma. Ukitokana na utumbo mwembamba ni ileostomi, na ukitokana na utumbo mpana ni kolostomi. Kuna wanaokaa nao miezi michache tu kisha utumbo ukarudishwa ndani, na kuna wanaokaa nao maisha yao yote. Wala usidhani ni saratani peke yake inayomfikisha mtu hapo. Wako ambao utumbo wao ulitobolewa na homa ya matumbo, wako ambao utumbo ulijisokota wenyewe ukaziba, wako waliopigwa risasi au kuumia katika ajali, na wako watoto wachanga waliozaliwa bila njia ya haja kubwa. Huenda ulikaa na mmoja wao ndani ya matatu juzi na usijue.

Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, mjomba alipewa mifuko michache, orodha ya dawa na tarehe ya kurudi. Mafunzo yalikuwa ya dakika chache, naye bado alikuwa na kizunguzungu cha dawa ya usingizi. Shangazi alionyeshwa namna ya kukata tundu kwenye plasta ya mfuko, akapewa kipimo, akakishika kama amri.

Harusi ilikuwa ya kitinda mimba wake, kule Changamwe. Tikiti za gari la moshi zilikuwa zimekwisha, maana ilikuwa likizo ya Agosti, hivyo tukakata za basi. Shangazi alikuwa ametangulia Mombasa kusaidia maandalizi. Nilimkuta mjomba kituoni, njia panda ya Machakos, saa mbili na nusu asubuhi, amevalia koti jeusi, mkononi ameshika mkoba wa ngozi ambao hakukubali nimpokee.

Tulipofika Emali wachuuzi waliyavamia madirisha kwa machungwa na mahindi ya kuchoma. Nikanunua, nikamkaribisha. Akakataa. Nikamfungulia chupa ya maji. Akakataa pia.

"Nimefunga," akasema.

Nikadhani ni mambo ya sala kwa ajili ya bintiye, nikanyamaza. Kumbe mjomba alikuwa hajala wala kunywa kitu tangu jioni iliyotangulia. Hesabu yake ilikuwa hii: kisichoingia hakitatoka. Mfuko ukibaki mtupu, hataaibika mbele ya abiria.

Hesabu hiyo ya mwalimu ilikuwa na kosa, msomaji, na ni kosa linalofanywa na wengi. Utumbo hautengenezi choo kutokana na chakula tu. Tumbo, kongosho na nyongo humwaga maji yao usiku na mchana, hata ukiwa umelala na njaa. Kwa mtu mzima asiye na stoma, utumbo mpana huyafyonza maji hayo pamoja na chumvi yake na kuyarudisha mwilini. Kwa mwenye ileostomi, utumbo mpana haupitiwi tena. Maji na chumvi hutoka moja kwa moja hadi mfukoni, ale asile.

Kwa hiyo mfuko wa mjomba ulijaa tu. Mtito Andei, ambako basi lilisimama dakika ishirini, takribani nusu ya safari, alishuka wa kwanza na kurudi wa mwisho. Huko chooni, kama alivyonisimulia baadaye, komeo lilikuwa limeng'oka, akawa anauzuia mlango kwa mguu mmoja huku akimwaga mfuko. Plasta ilikuwa imeachia pembeni. Ngozi ilikuwa nyekundu na inawaka kama iliyopakwa pilipili. Akajifuta kwa karatasi, akaibandika tena plasta ileile iliyolowa, akafunga koti. Mimi nilikuwa nje nakula sambusa.

Kutoka Mtito Andei kwenda chini nchi hubadilika. Mibuyu inasimama peke yake kama wazee waliokosana, udongo unakuwa mwekundu, na pande zote mbili ni mbuga ya Tsavo. Ukibahatika utawaona ndovu waliojipaka vumbi hilo hadi wakawa wekundu pia. Mjomba, ambaye kila tukipita hapo hupenda kusimulia habari za wale simba waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898, siku hiyo hakusema neno. Tulipovuka daraja la mto Tsavo nikamtazama. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka, macho yameingia ndani. Karibu na Manyani misuli ya miguu ikamkaza, akaanza kuzungumza maneno yasiyoungana.

Abiria ni watu wema. Mama mmoja akatoa chupa ya maji ya lita moja, kijana akatoa nyingine. Mjomba akazinywa zote mbili kwa pupa. Tukasema sasa atapata nafuu. Muda si muda mfuko ukafura, ukaachia, na koti lile jeusi likalowa. Hakuna abiria aliyecheka. Kondakta alivua koti lake la kazi akamfunika nalo, akamwambia dereva asisimame popote hadi Voi.

Katika hospitali ya Voi alitundikiwa dripu ya maji ya chumvi, akapimwa damu kuangaliwa figo na chumvi mwilini. Jioni fahamu zilikuwa zimemrudia sawasawa. Ndipo akaja muuguzi wa zamu ya usiku, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, akavuta kiti.

"Mwalimu, leo umekunywa nini?"

"Maji tu, binti yangu. Lita mbili."

"Na yakakaa tumboni kwa muda gani?"

Mjomba akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Alilotueleza usiku ule ningetamani liandikwe ukutani katika kila wadi ya upasuaji. Maji matupu, alisema, mengi na kwa mkupuo, humzidishia mwenye ileostomi ukavu. Yakifika katika utumbo mwembamba yanavuta chumvi ya mwili, kisha yanatoka nayo. Anachohitaji ni maji yenye chumvi na sukari kidogo, ya ule unga wa pakiti wapewao watoto wanaoharisha, anywe kidogo kidogo kutwa. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, huweza kumshikilia mtu hadi afike kwa daktari. Wengine, ambao mfuko wao hujaa kupita kiasi, daktari huwaagiza mchanganyiko wenye chumvi zaidi na vidonge vya kupunguza mwendo wa utumbo, lakini hayo si ya kujipangia.

Kiasi ni kipi? Ileostomi iliyokwisha kutulia hutoa kama nusu lita hadi karibu lita moja kwa siku, na choo chake ni mfano wa uji mzito. Ikifika lita moja na nusu au zaidi, choo chepesi kama maji, mkojo mchache na wa rangi ya chai ya rangi, kizunguzungu ukisimama, misuli kukaza, hapo hakuna la kungoja. Mjomba alikuwa na dalili hizo siku mbili kabla ya safari, akazificha asije akakatazwa harusi.

Kisha muuguzi akaufungua mfuko. Mara ya kwanza mimi kuiona stoma ilikuwa hapo, na nakiri nilikuwa nimejiandaa kuona kidonda. Haikuwa kidonda. Ilikuwa kitu kidogo chekundu, kibichi, kinachong'aa kama ndani ya mdomo. Na haiumi ikiguswa, maana haina mishipa ya kuhisi maumivu. Ikifutwa huweza kutoa matone ya damu, kama ufizi unaposuguliwa kwa mswaki, na hilo si la kumtisha mtu. La kutisha ni damu inayotoka ndani ya tundu lenyewe au isiyokoma, na la kutisha zaidi ni rangi. Stoma ikigeuka zambarau, kahawia au nyeusi, damu haifiki. Hilo hutokea zaidi siku za mwanzo baada ya kupasuliwa, na dawa yake ni kurudi hospitalini saa ileile, iwe usiku, iwe mchana.

Iliyoumia kwa mjomba ilikuwa ngozi ya pembeni. Muuguzi akatoa kipimo cha karatasi chenye matundu. Stoma ya mjomba ilikuwa imepungua sana tangu alipopasuliwa, lakini shangazi, kwa utiifu wake, aliendelea kukata tundu la kipimo kilekile cha siku ya kwanza. Pengo likabaki, na maji ya utumbo mwembamba, ambayo kazi yake ni kusaga nyama, yakawa yanasaga ngozi yake mwenyewe. Stoma hunywea kwa wiki sita hadi nane za kwanza. Katika muda huo ipimwe kila mfuko unapobadilishwa, na tundu la plasta liizidi kwa milimita mbili au tatu tu.

Usafi wa ngozi ni maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, kisha kukausha kwa kugusagusa. Sabuni zenye manukato hazifai, spiriti haifai, na mafuta ya kupaka ndiyo adui mkubwa, kwa sababu plasta haishiki juu ya mafuta. Shangazi alikuwa akimpaka mafuta ya kujipaka kila asubuhi, kwa mapenzi. Mfuko nao humwagwa ukifika theluthi, usingoje ujae hadi uzito wake uing'oe plasta.

Tuliruhusiwa kesho yake saa tano. Harusi ilikuwa Jumamosi, hivyo bado tulikuwa na siku. Mjomba alipewa pakiti za unga, poda ya kukausha ngozi, na maneno kadha ya kukumbuka, ambayo aliyaandika katika daftari kwa mwandiko wake wa ubaoni.

Mombasa ilitupokea kwa joto lake la unyevunyevu. Joto hilo ni mtihani mwingine, kwa sababu plasta iliyokaa siku tatu au nne kule Machakos inaweza kuachia siku ya pili pwani. Mjomba akawa anabadilisha mapema, na mifuko ya akiba akaiweka chumbani mahali penye kivuli, maana ikiachwa ndani ya gari juani gundi yake huharibika. Iliyotumika huimwaga chooni, akaisuuza, akaikunja ndani ya gazeti na kuitupa penye taka. Zamani angeitia ndani ya mfuko wa duka, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017. Basi magazeti yetu nayo yakapata kazi mpya, wala sikuona vibaya.

Ijumaa jioni tulikwenda kupunga upepo Mama Ngina. Palikuwa na mihogo ya kukaanga, madafu, machungwa, nazi na mahindi. Hapo mjomba akafungua daftari. Utumbo uliopitishwa kwenye tundu jembamba la misuli ya tumbo huziba upesi, hasa miezi ya mwanzo, na vinavyouziba ni vyakula vyenye nyuzi ngumu: punje za mahindi, njugu, nazi, uyoga, na ngozi ya ndani ya chungwa. Wakamba wenzangu, githeri imo. Si kwamba vimeharamishwa maishani. Vianzwe kidogo, baadaye, na vitafunwe hadi viwe uji. Mjomba akanyonya maji ya chungwa, makapi akayatema. Mhogo akautafuna hadi nikachoka kumngoja. Dafu alilinywa nusu, kwa ladha yake, akijua kwamba halina chumvi ya kutosha kuwa badala ya ule unga.

Na ukiziba? Mfuko hukaa mtupu saa nne hadi sita, au hutoa maji matupu yenye harufu kali, tumbo likinyonga kwa vipindi. Mtu aache kula, alegeze plasta iwapo stoma imevimba, anywe kitu cha moto kidogo kidogo ikiwa hatapiki, alale magoti ameyakunja kifuani na kulikanda tumbo taratibu. Akianza kutapika, tumbo likifura, au maumivu yasipotulia, ni hospitali. Dawa ya kuharisha asipewe kabisa. Jirani wa shangazi alikuwa ameshapendekeza mafuta ya mbarika.

Harusi ilifana. Mjomba alitembea na bintiye hadi madhabahuni, koti jipya, akacheza hata ngoma moja, ingawa alikatazwa kuinua kitu. Misuli ya tumbo iliyotobolewa hulegea, na anayebeba madebe ya maji au magunia mapema hujitafutia ngiri kando ya stoma, uvimbe ambao huonekana ukisimama au kukohoa na kujificha ukilala. Mingi huvumilika kwa mkanda wa kushikilia tumbo. Ukiuma na kuwa mgumu, huku mfuko ukiwa hautoi kitu, hauvumiliki hata kidogo.

Tulirudi kwa gari dogo la shemeji, tukisimama tulikotaka. Na kama kuna mahali katika barabara hiyo ninapopaombea baraka, ni hekalu la Makalasinga pale Makindu. Lilijengwa 1926, na hadi leo mpita njia yeyote hukaribishwa humo, akavua viatu, akafunika kichwa, akapewa chai ya maziwa, chapati na dengu bila kuulizwa dini wala kabila. Mjomba akapata choo safi chenye maji na mlango unaofungika. Alikaa huko robo saa, akatoka akipiga mluzi.

Tukiwa tunakula, mama kijana alikaa mkabala nasi na mtoto wa miezi kama mitano. Mtoto akalia kwa nguvu, na mama akajifunika leso haraka, akageukia ukuta. Mjomba aliona nilichokiona mimi: tumboni mwa mtoto, chini ya kitambaa, utumbo ulichomoza mwekundu, mrefu kama kidole gumba. Yule mama akaanza kukusanya vitu vyake aondoke.

"Keti, mwanangu," mjomba akamwambia kwa Kikamba. "Akinyamaza, hurudi ndani?"

Mama akamkazia macho. "Hurudi akilala," akajibu polepole. "Alizaliwa hana njia. Wameniambia atapasuliwa tena akikua kidogo."

"Rangi yake huwa hiyohiyo nyekundu? Na choo anapata?"

"Ndiyo. Anapata."

Mjomba akamweleza kwamba utumbo wa mtoto huchomoza akilia, kwa sababu hujikamua, na ukirudi wenyewe si hatari, ila amwambie daktari siku ya kliniki. Siku utakapokataa kurudi, au kuvimba, au kubadilika rangi, au mtoto akose choo na kutapika, asingoje siku ya kliniki, na asijaribu kuusukuma kwa nguvu. Kwa mtu mzima, muuguzi wa Voi alikuwa amemfundisha kulala chali na kuunyunyizia sukari ya kawaida ili uvimbe unywee, lakini kwa mtoto akasema hapana, huyo apelekwe tu. Akamuuliza anamvalisha nini. Ni vitambaa, mama akasema, mifuko ya watoto ni ghali na haipatikani kwao. Mjomba akamwambia vitambaa havina kosa, maadamu vinabadilishwa mara vikilowa na ngozi inapakwa krimu ya zinki, kwa kuwa pale hakuna plasta ya kunata.

"Wewe ni daktari, mzee?"

Mjomba akatazama kulia na kushoto, kisha akaufungua ukosi wa koti, akashika shati lake ubavuni, akaligonga kwa vidole viwili. Likatoa mlio wa plastiki.

Yule mama akaweka mkoba wake chini. Shemeji alikuwa ameshapiga honi mara mbili huko nje. Mjomba akaniagiza nikamwambie angoje, na nikirudi nije na kikombe kingine cha chai.